Hendibreki Ikipanda Juu, Anzia Kwenye Dramu

Dereva anavuta hendibreki, mkono unapanda hadi karibu na kiwiko, na bado gari linateleza taratibu kwenye mteremko. Anakwenda gereji. Fundi anafungua kifuniko kati ya viti, anakaza nati ya kebo, mkono unashika mapema kama zamani, na mteja anaondoka ameridhika. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayozimaliza breki nyingi za nyuma kimyakimya.

Nazungumzia magari ya zamani yenye dramu nyuma, ambayo kwetu bado ni mengi mno: Starlet, Vitz, Probox, na zaidi ya yote Corolla 110, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1995. Nitalitumia hilo kama mfano, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na Kirinyaga Road vilevile, na kwa sababu dramu zake zimeundwa kama za magari mengi madogo ya rika lake. Kubadili brekishuu zake nyumbani kunawezekana kwa mtu mtulivu mwenye vifaa vya kawaida, ilimradi aelewe kwanza kinachofanyika mle ndani.

Mle ndani kuna brekishuu mbili zilizojipinda, zikitazamana, kila moja ikiwa na lainingi, yaani tabaka linalogusa dramu na kulika. Juu, katikati yao, kuna silinda ndogo yenye pistoni mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huzisukuma pistoni nje na brekishuu hubana ukuta wa dramu. Chini kidogo ya silinda hulala ajasta: fimbo fupi yenye nyuzi na kigurudumu cha meno, inayozitenganisha brekishuu kwa urefu maalumu. Nyuma ya brekishuu ya upande wa nyuma kuna wenzo mdogo unaovutwa na kebo ya hendibreki. Kila wenzo huo unapokwenda na kurudi, kilimi cha chuma hugusa meno ya ajasta. Lainingi zikiwa zimelika kiasi cha kutosha, kilimi huruka jino moja na ajasta hurefuka kwa unywele. Kwa namna hiyo gari hujirekebisha lenyewe, na tofauti kati ya kipenyo cha dramu na kile cha brekishuu hubaki milimita 0.6 hivi.

Sasa turudi kwenye ile kebo iliyokazwa. Ikishavutwa muda wote, wenzo haurudi tena mwisho wa safari yake. Kilimi kinakosa mwendo wa kufikia jino linalofuata, ajasta inabaki na urefu uleule, lainingi zinaendelea kulika, na nafasi inapanuka. Siku zinapita, pedali inaanza kuzama, mtu anasema kuna hewa kwenye mfumo, mafuta yanamwagwa na kutiwa mapya, na pedali inazama vilevile. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Pedali yenye hewa hubonyea laini hata ukiipiga mara kadhaa. Ile ambayo brekishuu zake ziko mbali na dramu hushuka sana mara ya kwanza, lakini ukiipiga haraka mara mbili tatu hupanda na kuwa ngumu.

Kwa hiyo kazi yote ninayoieleza hapa inahusu nafasi hiyo ndogo. Kufungua na kufunga springi ni sehemu yake tu.

Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Kwa kuwa hendibreki lazima iachiliwe ili dramu itoke, weka vigingi imara mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na gia iwe imeingia. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Jeki huinua, haishikilii: chini ya gari weka stendi za chuma, kamwe si matofali wala mawe, ambayo hupasuka bila taarifa. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama kinga ya pili.

Dramu ya Corolla ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza humo bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, nayo itasukumwa nje. Ikigoma, sababu mara nyingi ni ukingo wa kutu uliojijenga mahali ambapo brekishuu hazifiki. Nyuma ya sahani inayobeba breki kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Pitisha bisibisi moja uinue kilimi, na ya pili urudishe kigurudumu cha ajasta nyuma, brekishuu zinywee. Usiipige dramu nyundo ukingoni. Chuma chake hakipindi, hupasuka.

Vumbi utakalolikuta nataka ulichukulie kwa uzito. Lainingi za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa puani huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho. Vijana wengi gereji hulipuliza kwa upepo wa kompresa, wakiwa wameinama juu yake. Wewe lilowanishe kwa maji yenye sabuni, weka beseni chini, pangusa kwa kitambaa, kisha kitambaa kiingie kwenye mfuko na kufungwa. Vaa barakoa hata hivyo.

Kabla ya kugusa springi yoyote, piga picha kwa simu, na fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja ili upande wa pili ubaki kielelezo chako. Hata hivyo kumbuka kwamba ajasta ya kulia na ya kushoto zina nyuzi zinazokwenda kinyume. Zikibadilishana mahali, kila moja itajifupisha badala ya kujirefusha. Na mtu yeyote asikanyage pedali dramu ikiwa nje, maana pistoni zitaruka kutoka kwenye silinda.

Vitu vikiwa wazi, kagua. Lainingi mpya ya gari hili ina unene wa milimita 4, na ikifika milimita 1 imekwisha. Dramu mpya ina kipenyo cha ndani cha milimita 200. Mwisho wake ni 201, na kipimo hicho huwa kimechongwa kwenye dramu yenyewe. Kisha inua taratibu mipira inayofunika ncha za silinda. Ukikuta majimaji, silinda inavuja na ibadilishwe leo hii, si safari ijayo. Brekishuu iliyolowa mafuta ya breki haioshwi kwa petroli ikapona: lainingi imeyanywa, na joto litayarudisha juu. Na hata kama upande mmoja tu ndio ulioharibika, badilisha pande zote mbili, la sivyo gari litavutia upande mmoja.

Dukani utaulizwa kama unataka mpya au zile za zamani zilizobandikwa lainingi upya. Mimi sizipendi za kubandikwa, isipokuwa kutoka kwa mtu ambaye kazi yake unaijua. Gundi isipokaushwa kwa joto na shinikizo linalotakiwa, lainingi hung'oka na kukwama ndani ya dramu, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa barabarani. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha matundu, upana na mpindo.

Wakati wa kurudisha, sahani ya nyuma ina sehemu zilizoinuka ambapo kingo za brekishuu hutelezea. Zisafishe kwa msasa na uzipake tabaka jembamba la grisi inayostahimili joto. Safisha nyuzi za ajasta, zitie grisi kidogo, uifupishe hadi mwisho. Hakuna hata chembe ya grisi inayopaswa kufika kwenye lainingi. Kisha ingia ndani ya gari, legeza ile nati ya kebo mpaka wenzo wa kila upande urudi kabisa mahali pake. Watu wengi huiruka hatua hii, na bila hiyo brekishuu mpya zitapata hatima ya zile zilizotangulia.

Springi zote zikishakaa, sukuma wenzo kwa kidole, uende na kurudi, huku ukitazama kigurudumu cha meno. Kinapaswa kuzunguka. Kama hakizunguki, usifunge dramu. Kuna kitu kimekaa kinyume, na picha zako zitakuonyesha.

Pande zote mbili zikishafungwa, kanyaga pedali mara kadhaa brekishuu zikae katikati, halafu vuta na uachie hendibreki tena na tena. Ndani ya dramu utasikia mlio mdogo wa ajasta ikiruka meno. Endelea mpaka mlio huo ukome. Gurudumu likizungushwa kwa mkono liende bila kukwama, na pedali ishike juu. Hapo ndipo nati ya kebo inakazwa, mwisho wa kazi, hadi mkono wa hendibreki ushike kati ya milio 4 na 7. Nati za tairi zikazwe kwa kukingamana, nyutoni-mita 103 kwa mwenye spana ya kipimo.

Kilomita za mwanzo endesha kwa upole, ukipunguza mwendo polepole mara nyingi mahali pasipo na msongamano, ili lainingi zichukue umbo la dramu. Usiende kuzijaribia kwenye mteremko wa Kitonga siku hiyohiyo: dramu ikipata moto sana hutanuka na kuzikimbia brekishuu, na zile ambazo bado hazijagusa ukuta wote wa dramu hupoteza nguvu mapema. Ukisharudi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Zote mbili zitakuwa na uvuguvugu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, iinue tena na urudishe ajasta yake jino moja au mawili.