Umemaliza paa? Sasa panda nyasi

Anayerudi kwao baada ya miaka ya ukimbizi huanza na paa. Akishapata mabati na milango, husema nyumba imekwisha. Nje ya mlango hubaki udongo mtupu, unaofagiwa kila asubuhi mpaka unang'aa.

Mimi ni mwalimu hapa Makamba, kusini mwa Burundi. Nilisoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, Tanzania, ambayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kule kambini ua uliofagiwa ulikuwa alama ya mama mwenye adabu, na hakuna aliyepanda nyasi mbele ya nyumba asiyojua ataihama lini. Desturi hiyo tumerudi nayo. Lakini huku wengi wetu tumejenga kwenye mteremko, na udongo mtupu kwenye mteremko haukai.

Ndugu msomaji, tazama ukuta wa nyumba yako baada ya mvua. Ule mstari mwekundu wa tope, futi moja au mbili kutoka chini, ni udongo wako uliorushwa na matone ya mvua. Kila tone linalopiga ardhi tupu huvunja udongo, na maji yanayoteremka huubeba hadi bondeni. Penye nyasi, majani hupokea tone, mashina hupunguza mwendo wa maji, na mizizi hushika ardhi.

Katika shule ninayofundisha, mawe ya msingi wa darasa moja yalianza kuonekana upande wa bonde. Fundi alitaja mifuko ya saruji ambayo kamati ya wazazi isingeweza kuinunua. Ikaamuliwa tujaze mawe na udongo pale palipochimbika, kisha eneo lote la mbele lipandwe nyasi kwa mbegu.

Mbegu ipi?

Nyasi za ua zinazofahamika zaidi ukanda wetu ni ukoka na paspalamu. Ukoka hutambaa haraka na huvumilia kukanyagwa. Hata hivyo, hautaki kivuli, na ukiingia shambani ni adui, kwani kipande kidogo cha shina kinatosha kuanza upya. Paspalamu huenda polepole, lakini mizizi yake huzama sana na huvumilia udongo hafifu na kiangazi. Kama maharage yako yapo hatua chache kutoka ukutani, chagua paspalamu.

Wengi hupanda kwa vipande vya shina, na kwa eneo dogo ni njia nzuri. Kwa uwanja mpana mbegu hupunguza kazi. Ua wa mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200, unahitaji kilo 1 hadi 2 za ukoka, au kilo 6 hivi za paspalamu.

Nunua kidogo kwanza ujaribu. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziweke mahali penye joto. Ukoka uhesabu baada ya wiki 3, paspalamu baada ya wiki 4. Zikiota chini ya 50, ongeza kipimo au tafuta mbegu nyingine. Wanafunzi wangu walifanya jaribio hilo wenyewe, na siku hiyo walielewa asilimia kuliko siku zote nilizoiandika ubaoni.

Kuandaa na kupanda

Anza mwezi wa tisa, mvua zinapokaribia. Lima kina cha sentimita 10 hadi 15, ondoa mawe na mizizi, kisha sawazisha kwa reki, maji yaelekezwe mbali na ukuta. Changanya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huja na mbegu za magugu. Penye mteremko panga mistari ya mawe ikikata njia ya maji.

Baada ya hapo subiri. Acha mvua za kwanza zioteshe magugu, na baada ya wiki 2 au 3 yakwangue juu juu bila kulima tena. Wenye haraka huruka hatua hii, kisha hung'oa magugu mwaka mzima.

Gawa mbegu mafungu mawili na uyachanganye na mchanga mkavu. Fungu la kwanza limwage ukitembea kaskazini kwenda kusini, la pili mashariki kwenda magharibi, ili pasibaki mapengo. Pitisha reki kidogo tu: ukoka usizame zaidi ya nusu sentimita, paspalamu isizidi sentimita moja. Kandamiza kwa ubao, kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, nyembamba kiasi cha udongo kuonekana.

Mvua ikikatika, nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni. Miche ikishatoka, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, ili mizizi ifuate maji chini. Paspalamu inaweza kukaa wiki 3 au 4 bila dalili yoyote, kwa hiyo usichimbue kabla ya wakati.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuzuia miguu na mbuzi kwa miezi 2 hadi 3. Sisi tuliangalia kwanza watoto wanapita wapi, tukawaachia njia hiyo na kuitandika mawe. Sehemu iliyobaki tuliizungushia kamba na miti.

Kutunza

Kata mara ya kwanza ukoka ukifika sentimita 6, na paspalamu ikifika sentimita 10. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Fyekeo liwe kali na nyasi ziwe kavu. Vipande vilivyokatwa viache palepale, ni mbolea.

Wazee wengi huuliza kuhusu nyoka. Nyasi fupi zinazokatwa kila mara hazimfichi nyoka; kichaka kilichoachwa nyuma ya choo ndicho humficha. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, nyasi zitageuka kahawia. Hazijafa. Usizichome moto wala kuzikata fupi.

Kwa wafanyabiashara

Kwenu mnaovuka Mugina na Manyovu, mbegu ni bidhaa nyepesi, lakini ina masharti. Cheti rahisi cha uasilia, kinachotumika ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hakiondoi ulazima wa cheti cha afya ya mimea. Mfuko uwe na lebo inayoonyesha aina ya mbegu, tarehe na kiwango cha kuota. Usiuanike juani wala kuuacha kwenye unyevu. Mteja aliyeuziwa mbegu mfu atajua baada ya mwezi mzima, na hatarudi kwako.

Kwetu shuleni, mvua za mwezi wa pili zilipofika, mstari wa tope ukutani ulikuwa umeshuka hadi karibu na ardhi, na udongo tuliojaza kwenye msingi ulibaki mahali pake. Bado kuna madoa matupu karibu na njia, nayo tutayapanda tena. Nyasi si badala ya saruji mahali ambapo ukuta umeshapasuka. Ni kinga kabla ya kufika huko, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aliyekaa ukimbizini anajua kupanga maisha ya msimu mmoja. Nyasi zinataka misimu miwili au mitatu mpaka zifunge ardhi vizuri. Mwenye nia ya kukaa na aandae jembe mwezi wa tisa.