Moshi Utoke, Mzee Abaki

Mwaka 1981, mtafiti wa Kijapani Takeshi Hirayama alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 walioolewa, ambao wenyewe hawakuwa wakivuta sigara. Aliwapanga kwa jambo moja: mume anavuta au havuti, na kama anavuta, ni sigara ngapi kwa siku. Wake wa wanaume waliomaliza sigara 20 au zaidi kwa siku walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wake wa wasiovuta. Walichofanya wanawake hawa ni kukaa na waume zao, kula nao na kulala nao chumba kimoja. Wenye viwanda vya tumbaku waliupinga utafiti huo kwa nguvu zote, lakini tafiti nyingine ziliuunga mkono, na mwaka 1986 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitangaza rasmi kwamba moshi wa sigara humletea saratani ya mapafu hata asiyevuta. Takwimu za Hirayama zinaumiza kuzisoma kwa sababu madhara yalifuata njia ya mapenzi. Aliyekuwa karibu zaidi na mvutaji ndiye aliyedhurika.

Kwa hiyo wanaoziita sheria za kukataza uvutaji ndani ya majengo vita dhidi ya wavutaji hawazitendei haki. Sheria hizi hazimnyang’anyi mtu sigara yake. Zinamkataza kuiwasha pale ambapo wenzake hawana hewa nyingine ya kuvuta. Zinatenganisha moshi na mtu, na naamini utengano huo ndio unaowapa wanaompenda mvutaji nafasi ya kuendelea kumpenda bila kumeza moshi wake wala kumgeuza adui. Naamini pia kwamba unapaswa kufika mpaka nyumbani, ambako sheria nyingi huishia mlangoni.

Kwanza tuuelewe moshi wenyewe. Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani haitoki mdomoni mwa mvutaji, bali kwenye ncha ya sigara inayoungua taratibu kati ya mvuto mmoja na mwingine. Moshi huo wa pembeni haupiti kwenye kichungi, na gramu kwa gramu una sumu nyingi kuliko ule anaouvuta mwenyewe. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Asiyevuta anayeishi au kufanya kazi ndani ya moshi huo ana hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 25 hadi 30, na watoto wanapata pumu kali zaidi, maambukizi ya masikio na matatizo ya kifua. Wapo wanaosema dirisha lililo wazi au feni inatosha. Haitoshi. Kutegemea dirisha huku sigara inawaka ni kufua maji katika mtumbwi unaovuja bila kuziba tundu. Moshi hutawanyika vyumba vyote, na mabaki yake hubaki kwenye mapazia na makochi baada ya harufu kupungua.

Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kukataza kabisa uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizo ndani, baa zikiwemo, kuanzia tarehe 29 Machi 2004. Wengi waliona ni ndoto, maana baa ya Ireland bila moshi ilikuwa haijawahi kufikirika. Watafiti walipopima hewa ya baa za Dublin kabla na baada ya sheria, chembechembe nyembamba zinazopenya hadi ndani ya mapafu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 83. Scotland ilifuata tarehe 26 Machi 2006. Katika hospitali zilizochunguzwa, wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na matatizo ya jamii hiyo walipungua kwa asilimia 17 katika kipindi kilichofuata, na watoto waliolazwa kwa pumu, ambao idadi yao ilikuwa ikipanda kila mwaka, wakaanza kupungua. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2007, Tanzania ilikuwa nayo tangu 2003, na Uganda ilipitisha ya 2015 inayokataza hata kuvuta ndani ya mita 50 kutoka sehemu za umma. Sheria za Kenya na Tanzania zinaruhusu maeneo maalumu ya wavutaji, na huo ni udhaifu, kwa sababu moshi hauheshimu mstari uliochorwa sakafuni.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya sheria hizi lilikuwa hili: mkimfukuza mvutaji hotelini na ofisini, atakwenda kuwashia nyumbani, na watakaoumia ni watoto. Ilikuwa hofu ya haki, na Scotland waliichunguza kwa kupima kwenye mate ya wanafunzi wa shule za msingi kemikali inayobaki mwilini baada ya nikotini kuvunjwavunjwa. Baada ya sheria, kiwango kilishuka kwa asilimia 39. Moshi haukuhamia nyumbani. Ila ukiyachambua matokeo hayo utaona mpaka wa nguvu za sheria. Watoto waliokuwa na baba tu anayevuta walipata nafuu kubwa, lakini waliokuwa na mama anayevuta, au wazazi wote wawili, hawakupata nafuu ya maana. Watoto hawa ndio waliokuwa wakivuta moshi mwingi zaidi tangu mwanzo, na hakuna askari wa kuwafikia sebuleni kwao.

Hapo ndipo linapokuja suala la heshima, ambalo kwetu ni gumu kuliko sayansi. Mzee akiwasha sigara sebuleni kwake, nani amwambie? Mwana akimwambia baba yake atoke nje, watu watasema hana adabu, na hawatakuwa wamekosea sana. Mgahawani mhudumu ana kibao ukutani kinachosema kwa niaba yake. Nyumbani hakuna kibao, na familia nyingi huyumba kati ya kulalamika kila siku na kunyamaza kabisa. Lawama humfanya mvutaji ajifiche. Ukimya huwaacha watoto ndani ya moshi. Mapenzi yenyewe huchanganyika na hasira na woga: unamkasirikia kwa kujiua polepole, huku kila akikohoa usiku moyo wako unaruka.

Jibu langu ni utaratibu wa nyumba unaouhusu moshi, usiomhukumu mtu, na unaotangazwa na mwenye haki ya kuutangaza: bibi, mama mwenye nyumba, au mzee mwenyewe baada ya kuombwa kwa faragha. “Baba, mjukuu wako kifua kinambana, tukuwekee kiti barazani?” Maneno hayo hayana tusi. Katika nyumba nyingi za pwani baraza ndiyo sehemu ya wazee na mazungumzo, kwa hiyo kuhamishiwa huko pamoja na kisahani chake cha majivu hakumshushi hadhi, mradi awepo mtu wa kukaa naye upande upepo unakotokea. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na nusu yake huondoka katika damu kwa takriban saa mbili, na kadiri inavyopungua ndivyo arosto inavyoanza. Mtu anayeinuka katikati ya chakula hajawadharau wenzake. Mara nyingi amefungwa na kitu alichokianza akiwa kijana mdogo.

Wapo watakaosema kwamba kumpa kiti nje ni kumbariki aendelee. Ushahidi unaelekea upande mwingine. Wavutaji wanaoishi katika nyumba zisizoruhusu moshi ndani hujaribu kuacha mara nyingi zaidi, na huvuta sigara chache zaidi kwa siku. Mwaka 2014 Scotland ilianzisha kampeni ya kuwaomba wazazi wautoe moshi nje kabisa, ikiwa na lengo la kupunguza watoto wanaovuta moshi nyumbani kutoka asilimia 12 hadi 6 ifikapo 2020. Takwimu za 2015 zilionyesha asilimia 6, miaka mitano kabla ya muda. Miongoni mwa wazazi waliokuwa bado wakivutia ndani walikuwamo akina mama wanaolea peke yao katika magorofa, ambao kushuka ngazi kuvuta kulimaanisha kumwacha mtoto mchanga peke yake. Mama wa aina hiyo anaishi pia Kariakoo na Eastleigh, na kwake kuambiwa tena kwamba sigara ni mbaya hakusaidii kitu. Anahitaji jirani wa kumshikia mtoto dakika tano, na kliniki ambayo mhudumu atamuuliza, bila kumfokea, kama yuko tayari kusaidiwa kuacha.