Paka wa Mitaani Wanataka Mpango

Afikaye Mji Mkongwe wa Unguja hawezi kukosa kuwaona paka. Jioni wako Forodhani, chini ya meza za wauza chakula. Asubuhi wako soko la Darajani wakingojea vichwa vya samaki. Mchana wamelala barazani kana kwamba nyumba ni zao. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Walakini wapo wanaowainga, tena vibaya: vitoto hutiwa kirobani vikatupwa jaani, na wakubwa huwekewa sumu.

Kwa hiyo tunawapongeza wananchi wanaojitolea kuwaokota paka hao, kuwalea kwa muda na kuwatafutia nyumba za kudumu. Kazi yao haina mshahara, na aghlabu malipo yake ni kuchekwa. Lakini pongezi hazitoshi. Huruma isiyokuwa na mpango yaweza kuzaa dhuluma nyingine, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Sisi tuliopitia chuoni tulisomeshwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia riziki. Wengi huitumia habari hiyo kuwakemea wanaowapiga paka. Sisi tunaona inamhusu khasa mwokoaji. Mtu anayekusanya paka thelathini katika chumba kimoja, chakula hakitoshi na maradhi yanaambukizana, amewafungia vile vile, ingawa nia yake ni njema. Ndiyo maana swali la kwanza la kikundi chochote cha kujitolea liwe hili: tuna nyumba ngapi za walezi, na kila moja yaweza kuchukua wangapi? Zikijaa, pasiokotwe mwingine ila aliyejeruhiwa au aliye taabani.

Hesabu yenyewe haina huruma. Paka jike huchukua mimba kiasi cha siku 63 hadi 65, naye aweza kuanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Akizaa mara mbili kwa mwaka, vitoto vinne kila mara, majike kumi watatuletea vitoto themanini. Ni mtaa gani wenye walezi themanini? Kuokota peke yake, basi, ni kuteka maji kwa pakacha. Dawa ni kuwahasi madume na kuwafunga uzazi majike. Paka shume aliyekwisha kuwa mkali hafai tena kufugwa ndani: hutegwa kwa kizimba, hupasuliwa na daktari wa mifugo, hukatwa ncha ya sikio akiwa bado usingizini ili ajulikane, kisha hurudishwa pale pale alipotolewa. Hazai tena, na ugomvi wake hupungua. Sumu haileti tija hiyo, kwani maadamu jaa lipo wazi, nafasi ya aliyekufa hujazwa na mwingine.

Tunajua wapo wazee wanaopinga kuhasi, wakisema ni kubadili maumbile. Hatuandiki fatwa katika safu hii. Itoshe kukumbusha kwamba wanavyuoni wana kauli zaidi ya moja: wako wanaozuia, na wako wanaoruhusu pale penye manufaa ya dhahiri na pasipo mateso. Kikundi cha busara kitakwenda kwa masheikh wa mtaa mapema, kabla ya kutega kizimba cha kwanza, kikawaeleze vitoto vinavyofia jaani. Kuwapuuza wazee ni kuuvunja mpango kabla haujaanza.

Kuhusu malezi, kuna mambo ambayo kila mlezi hana budi kuyajua. Wengi wa vitoto vinavyoitwa yatima si yatima. Mama yao amekwenda kutafuta chakula. Kama vi salama, viangaliwe kwa mbali saa kadhaa kwanza. Kitoto huzaliwa macho yamefumba, yakafumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14. Kilichopoa mwili kipashwe joto kabla ya kunyweshwa. Kisinyweshwe maziwa ya ng'ombe, ambayo huleta kuharisha, bali yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya vitoto vya paka. Na kisilazwe chali kama mtoto mchanga, maziwa yakaingia mapafuni. Katika wiki ya kwanza hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na baada ya kila mlo hupanguswa kwa kitambaa cha uvuguvugu ili kiweze kukojoa. Asiyeweza kuamka usiku asijitwike kazi hii. Ajitolee kubeba matenga au kununua dagaa, navyo ni msaada.

Kabla ya kumkabidhi paka kwa mwenyeji wa kudumu, maswali ni ya lazima, hata kama anayemtaka ni jamaa. Mwenye nyumba ameridhia? Safari ikitokea, nani atamlisha? Anatafutwa paka, au mtego wa panya usiolishwa? Kitoto kisitolewe kabla ya wiki nane, na mapatano yawe kwamba akishindikana atarudishwa kwa kikundi, si barabarani.

Jina la kichaa cha mbwa huwadanganya watu, kwani paka naye huupata ugonjwa huo na kuuambukiza. Paka wote wanaopita mikononi mwa kikundi wachanjwe wakifikia umri wa miezi mitatu, na wanaojitolea kuwakamata wachanjwe wao wenyewe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mama mja mzito asisafishe kinyesi cha paka.

Haya yote hayawezi kubebwa na vijana wachache na mwalimu mmoja mstaafu. Tunawaomba masheha wawatambue walezi wa mitaa yao na kuwatolea kauli pale wanapobughudhiwa. Tunaiomba manispaa ihakikishe kuwa majaa yanazolewa kwa wakati. Na madaktari wa mifugo tunawaomba siku moja tu kwa mwezi ya upasuaji kwa bei nafuu, itangazwe misikitini na sokoni, ili wenye matenga wajue lini waje.