Ficha Kisanduku, Usijifiche Wewe

Tarehe 1 Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby, kaskazini mwa Uingereza, mtu mmoja alionekana mbele ya mkahawa akiinama penye sanduku la maua, akaingiza mkono chini yake, kisha akaenda zake. Waliomwona waliwapigia simu polisi. Barabara ilifungwa, watu wakaondolewa madukani, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaitwa. Walipokwisha kukilipua kitu kile, ilidhihirika ya kuwa hakikuwa bomu hata kidogo, bali kikebe cha plastiki kilichowekwa pale kwa ajili ya mchezo.

Mchezo huo ndio tunaokusudia kuueleza leo kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi. Tunayo sababu ya kufanya hivyo. Kwa upande mmoja, ni mchezo unaohitaji ujuzi ambao askari anao tayari, yaani kusoma ramani, kuikagua nchi kwa macho, na kutembea mahali pasipo njia. Kwa upande mwingine, askari huyo huyo ndiye atakayeitwa siku ambayo kisanduku kitamtia mtu hofu. Tarehe 11 Julai 2010 mji wetu wa Kampala ulipoteza watu zaidi ya 70 kwa mabomu, walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 16 Novemba 2021 milipuko ilisikika tena, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Katika mji kama huu, hapana awezaye kumlaumu raia anayekimbia mbele ya mfuko usio na mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni mwepisi kueleza. Mtu huficha kisanduku mahali fulani, hupima mahali hapo kwa chombo cha GPS, kisha hutangaza namba za latitudo na longitudo katika orodha iliyo wazi kwa watu wote. Mwingine huzichukua namba hizo, huenda kukitafuta, na akikiona huandika jina lake na tarehe katika daftari lililomo ndani, halafu hukirudisha pale pale alipokikuta. Wenyewe huuita jiokashi. Neno hilo lina sehemu mbili: moja ya Kigiriki, maana yake ardhi, na nyingine ya asili ya Kifaransa, maana yake maficho. Kuna visanduku zaidi ya milioni tatu vilivyofichwa hivyo duniani, katika nchi zaidi ya 190.

Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua ya kuwa asili ya mchezo huu ni ya kijeshi. Setelaiti za GPS ni za Serikali ya Marekani, nazo zilianza kurushwa mwaka 1978 kwa matumizi ya majeshi. Raia waliporuhusiwa kuzitumia, ishara waliyopewa ilikuwa imeharibiwa kwa makusudi, hata chombo kiliweza kumkosesha mtu mahali kwa mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uharibifu huo ulikomeshwa. Tarehe 3 Mei mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akaifukia nusu yake porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, na kuzitangaza namba za mahali hapo. Ndani alikuwa ametia vitabu, manati, kopo la maharagwe na vitu vingine vidogo, pamoja na daftari na kalamu. Hazikupita siku nyingi, Mike Teague akaiona. Yafaa tuseme hapa, kwa kicheko kidogo, ya kuwa kwa kanuni za leo ndoo ile ingekataliwa mara mbili: kuchimba ardhi bila ruhusa ya mwenyewe ni marufuku, na chakula hakitiwi kisandukuni kwa sababu huwaita wanyama.

Sasa tuje kwenye adabu za mfichaji, kwa maana makosa mengi huanzia kwake. Kwanza ni ruhusa. Kila mahali pana mwenyewe, hata pale panapoonekana ni pori tu. Mfichaji amwendee mwenye shamba, au msimamizi wa bustani, au mwenyekiti wa LC 1, amweleze mchezo ni nini, na amwonyeshe kisanduku kikiwa wazi, kitupu, kabla hakijafungwa. Wako watakaoona ya kuwa hatua hii inauondolea mchezo utamu wake. Sisi tunaona ya kuwa ndiyo inayouwezesha mchezo kuwapo. Mwenyekiti aliyekwisha kukiona kisanduku kwa macho yake hatapiga simu usiku wa manane, na wala hataruhusu kipigwe mawe na vijana.

Yapo mahali ambapo ruhusa yenyewe haifai kuombwa: kando ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, chini ya madaraja, penye reli, penye mitambo ya umeme na matangi ya maji, viwanja vya ndege, na mashuleni. Tena mfichaji asipigilie msumari katika mti, wala asibomoe ukuta wa mawe ili apate tundu. Kisanduku kimoja na kingine sharti viachane kwa mita 161 au zaidi. Kipimo hicho cha ajabu kimetokana na sehemu moja ya kumi ya maili.

Chombo kinachosifiwa kuliko vyote katika mchezo huu ni kasha la risasi. Askari wanalifahamu: ni la chuma, kifuniko chake kina mpira unaozuia maji, na mchwa hawaliwezi. Huko Marekani makasha hayo huuzwa madukani yakiwa matupu, na wachezaji huyapenda mno. Kanuni yao ni kwamba maandishi yote ya kijeshi yakwanguliwe au yapakwe rangi, na jina la mchezo liandikwe nje kwa herufi kubwa. Kwa upande wetu tunashauri zaidi ya hapo, ya kwamba hapa nchini kasha la risasi lisitumiwe kabisa, hata likipakwa rangi ya waridi. Umbo lake linajulikana. Mkulima anayelikuta kichakani hatasubiri kusoma maandishi, na katika sehemu zilizopata kuona vita tumekuwa tukiwafundisha watoto kwa miaka mingi wasiguse vyuma wasivyovijua. Ni vibaya sana kuwafundisha kinyume chake kwa ajili ya mchezo. Kikebe cha plastiki kinachopenyeza nuru, ambacho mtu aweza kukiona kilichomo bila ya kukifungua, kinatosha. Daftari litiwe katika mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na iwekwe penseli badala ya kalamu ya wino, kwani wino na unyevu havipatani.

Juu ya kikebe paandikwe jina la mchezo, namba yake katika orodha, na namba ya simu ya mwenyewe. Maneno machache yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo, yakieleza ya kuwa kitu hiki si cha hatari, na ya kuwa aliyekiokota bila ya kukusudia aweza kukisoma na kukirudisha.

Kuhusu namba za mahali, tunawaomba wafichaji wawe waangalifu kupita kiasi. Namba zenyewe huandikwa kwa digrii, dakika, na sehemu za elfu za dakika. Sehemu moja ya elfu ni chini ya mita mbili juu ya ardhi. Tuchukue mfano wa Kayabwe, katika barabara ya Masaka, mahali ambapo ikweta hupita. Kisanduku kilichowekwa nusu dakika kaskazini ya mstari kiko umbali wa mita 920 hivi kutoka kwake. Mwandishi akikosea akaandika kusini, mtafutaji atapelekwa karibu kilometa mbili mbali na mahali panapohusika. Na mtafutaji akizisoma zile sehemu za elfu kama kwamba ni sekunde, atapotea kwa zaidi ya mita 600, naye atamlaani mfichaji asiye na kosa.

Kwa askari kuna mtego mmoja zaidi. Ramani za zamani za Afrika Mashariki za kipimo cha 1:50,000, ambazo wengi wetu tulifundishiwa, zilichorwa juu ya msingi uitwao Arc 1960. Chombo cha GPS hutumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Mtu akizihamisha namba kutoka kwenye chombo mpaka kwenye ramani bila ya kusahihisha tofauti hiyo, atakosea kwa yapata mita 300. Katika mchezo ni kupoteza jioni moja. Katika kazi, askari wenyewe wanajua mita 300 ni kitu gani.

Sasa mtafutaji. Huyo kwanza asikiamini mno chombo chake. Hata kikiwa kizima, chini ya mwavuli wa miti mikubwa au kati ya majumba marefu chaweza kukosea kwa mita kumi na zaidi. Akikaribia mahali hapo, yafaa akitie mfukoni na aanze kutumia macho. Ajiulize, kama ningekuwa mimi ningeficha wapi? Mawe yaliyopangwa kwa utaratibu usio wa kawaida, vijiti vilivyolala upande mmoja, gome lililobandikwa: hizo ndizo alama. Asing'oe mimea, na wala asitie mkono katika tundu asiloliona ndani. Tundu la nyoka na tundu la kisanduku hufanana sana kwa nje. Asifuate namba mpaka penye hatari aliyoiona kwa macho yake. Mwezi wa Juni 2018, mjini Praha, watafutaji walioingia katika mfereji wa chini ya ardhi walikutwa na maji ya mvua ya ghafula, na wawili wao wakafa.

Akichukua kitu kisandukuni, aweke kingine cha thamani ile ile au zaidi. Visu, risasi, baruti, pombe na madawa havitiwi. Akikuta kibati chenye namba, kama vile vibati wavaavyo askari shingoni, ajue ya kuwa hicho ni msafiri. Kimetumwa na mwenyewe kihame kutoka kisanduku hadi kisanduku, pengine kutoka bara moja hadi jingine. Kukichukua inaruhusiwa, lakini ni lazima kipelekwe mbele. Kukiweka nyumbani ni wizi.

Lipo shauri moja la wachezaji wa Ulaya ambalo hatukubaliani nalo. Wao hufundishana kujificha wakati wa kutafuta. Mtu hujifanya anafunga kamba za kiatu, au anaongea na simu, ili wapita njia wasigundue. Bila shaka hufanya hivyo ili kisanduku kisiibiwe. Lakini mtu anayeangaza huku na huko, akainama, akaingiza mkono mahali na kuondoka kwa haraka, ndiye yule yule ambaye polisi wamefundishwa kumtazama, na yaliyotokea Wetherby yalianza kwa mwenendo huo. Kwetu, kinachofichwa ni kisanduku. Mtafutaji aonekane, asalimu, na aseme anachokitafuta. Askari polisi akimsimamisha, atoe kitambulisho, aonyeshe namba katika simu yake, na ajibu kwa heshima hata akiulizwa mara tatu. Na askari wa jeshi anayecheza siku ya mapumziko avae nguo za kiraia. Mtu wa sare akipekua kichaka huvuta kijiji kizima.

Polisi nao, wanapoletewa habari ya kisanduku, wasibadilishe utaratibu wao hata kidogo kwa sababu wamesoma makala haya. Watu waondolewe, kitu kisiguswe, na wataalamu waitwe. Tunaongeza jambo moja tu: wakati wataalamu wakingojewa, afisa mmoja, akiwa mbali na mahali hapo, aitazame ile orodha kwa simu. Orodha ikionyesha kisanduku hapo, wataalamu waambiwe, na mwenyewe atafutwe aeleze umbo na rangi. Uamuzi ubaki kwa wataalamu, kwani mtu mbaya naye aweza kuisoma orodha hiyo hiyo.

Sisi wenyewe tuliujifunza mchezo huu kwa aibu. Siku moja, tukiwa wawili, tulikwenda kutafuta kisanduku karibu na ufuko wa ziwa, penye mti mkubwa wa mvule. Namba zilitufikisha vizuri. Kwa muda wa karibu saa nzima tulizunguka mti ule kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, tukijifanya tunatazama ndege kila mtu alipopita. Hatua chache kutoka hapo aliketi mzee mmoja akishona nyavu, nasi kwa upumbavu wetu hatukumwamkia, tukidhani tukimkaribia atatuuliza maswali.

Mwishowe ni yeye aliyetuita. "Wanangu, mmepotelewa na nini?"

Tulisita, kisha mwenzangu akasema, "Mzee, utusamehe kwa kupita bila salamu. Tunatafuta kikebe kidogo."

Mzee aliuweka wavu chini. Alituambia ya kuwa aliyekiweka alikuja kwake kwanza kumwomba ruhusa, na ya kuwa yeye ndiye hukitazama kila baada ya mvua. Akatuonyesha kwa kidole, si kwenye mvule, bali kwenye jiwe tulilokuwa tumeweka mifuko yetu juu yake. Tulipokwisha kuandika majina yetu daftarini, alikichukua kikebe mkononi mwetu, akakifunga upya, akakisukuma ndani ya jiwe kifuniko kikielekea chini, akisema ya kuwa juma lililopita wageni walikirudisha vibaya na maji yakaingia.