Mbwa wa Ulinzi Naye ni Mfanyakazi

Sisi tuliolelewa visiwani tulilijua neno mbwa likiwa tusi kabla ya kulijua likiwa jina la mnyama. Chuoni tulifundishwa kujihadhari na mate yake. Mitaani tulijifunza kumrushia mawe. Kwa kuwa mafunzo hayo mawili tuliyapata katika umri mmoja, wengi wetu tulikua tukidhani kwamba yote yalitoka kwa mwalimu mmoja. Kwa hiyo tulipowasili Mang'ula na kumkuta mwenyeji wetu, Mpemba aliyekwenda huko kununua mpunga na mwishowe akabaki kuulima, ana mbwa wawili waliolala mbele ya ua wake, hatukuweza kuficha mshangao.

"Mzee," tulimwuliza baada ya maamkizi, "udhu wako unasalimika vipi?"

"Udhu hauvunjwi na mbwa, mwanangu," alijibu bila ya kukasirika. "Kinachotakiwa ni kuoshwa pale palipopata mate. Au wewe kitabu hukukimaliza?"

Tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo jibu lile halikututoka akilini, na ndilo lililozaa makala haya.

Kwa ndugu zetu wasiopata kufika huko, Mang'ula iko baina ya Kidatu na Ifakara, chini kabisa ya milima ya Udzungwa, katika Bonde la Kilombero. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, baina ya mwaka 1970 na 1975, mahali hapo palikuwa kambi kubwa ya wafanyakazi wa Kitanzania na wa Kichina. Tangu mwaka 1992 ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Upande mmoja msitu unashuka hadi karibu na nyumba za watu. Upande wa pili yametandazwa mashamba ya mpunga na ya miwa. Mkulima aliye katikati ya viwili hivyo halali usingizi mzito mpunga unapoanza kuiva. Ndege humjia alfajiri, nyani humjia mchana, nguruwe mwitu humjia usiku, na tembo huja saa waitakayo wenyewe.

Ndiyo maana katika bonde hilo, kama ilivyo desturi ya tangu zamani, kaya nyingi huhama nyumba zao za kijijini msimu wa mpunga na kwenda kukaa shambani. Hapo hujengwa kibanda, na pembeni yake dungu, yaani ulingo wa miti ambao mlinzi hukaa juu yake akiangalia shamba lake pande zote. Usiku wa bonde ni mrefu na wenye mbu wengi. Mtu mmoja hawezi kukesha miezi miwili. Mbwa aliye chini ya dungu ndiye anayempa mwenye shamba ruhusa ya kufumba jicho.

Mbwa huyo, tukisema kweli, hana nasaba ya kujivunia. Ni mbwa wa kienyeji, mwekundu au wa madoa, mwembamba, aliyezaliwa uvunguni mwa ghala la jirani. Wale wa kizungu, wenye vifua vipana, ambao siku hizi huonekana katika majumba ya wenye uwezo mijini, huko wangepata taabu ya joto, ya kupe na ya chakula. Huyu wa kienyeji hula ugali wa pumba uliochanganywa na dagaa au mifupa, na kazi yake anaiweza. Kazi yenyewe mara nyingi hufahamika vibaya. Watu hudhani kwamba mbwa wa ulinzi ni wa kuuma. La hasha, mbwa wa ulinzi ni wa kujua. Pua na masikio yake hutambua kitu kabla ya mtu kukishuku, naye hubweka, mwenye shamba huamka, akawasha tochi, akapiga debe, na nguruwe wakarudi walikotoka bila ya mtu wala mnyama kujeruhiwa. Mwenyeji wetu alituambia kwamba kwa kusikiliza tu hujua kilichokuja: mtu akipita njia hubwekewa kwa namna yake, nguruwe kwa namna nyingine, na nyoka akiwapo mbwa hurukaruka mahali pamoja na sauti yake huwa nyembamba. Mkewe naye alisema neno ambalo mumewe hakulisema, kwamba kabla ya kupata mbwa hakuwa radhi kubaki shambani peke yake na watoto mumewe anapokwenda Ifakara kuuza, na sasa hubaki.

Tuliuliza wanafunzwaje. Mzee alionesha jinsi anavyomzungusha mtoto wa mbwa kwenye mipaka ya shamba kila jioni, kwa kamba, hadi mbwa atambue nchi yake inaishia wapi. Chakula hutolewa kwa wakati maalumu na kwa mkono wa watu wa nyumbani tu. Mchana mbwa hukaa bandani kivulini, usiku hufunguliwa. Mbwa afungwaye mnyororo mfupi mchana kutwa juani, akapigwa na kushindishwa njaa kwa dhana kwamba ndivyo atakavyokuwa mkali, hawi mlinzi. Huwa mwoga anayeuma kwa hofu, na wa kwanza kumuuma ni mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkataza mwenye mnyama kumtesa. Lakini hata asiyeijua sheria hiyo angeweza kujua faida yake mwenyewe iko wapi.

Ipo pia mipaka ambayo wenyeji wa Mang'ula wanaifahamu na wageni huivuka. Mbwa si dawa ya tembo. Wakulima husema kwamba tembo akighadhibishwa na mbwa humfukuza, na mbwa akiona maisha yanamponyoka hukimbilia kwa bwana wake, tembo akiwa nyuma yake. Kwa tembo kuna njia nyingine, na baadhi ya wakulima wa Mang'ula wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Mbwa wala si wa kuingizwa hifadhini. Anayepanda mlimani na kundi la mbwa ni jangili, hata akijiita mkulima, na madhara ya mbwa kwa wanyamapori si ya meno pekee. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaosababishwa na virusi uliwaingia simba wa Serengeti, ukaua takriban theluthi moja yao.

Sasa turudi kwenye kitabu ambacho mzee alituuliza kama tulikimaliza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, mate ya mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina ubishi miongoni mwetu, ingawa wafuasi wa Imamu Malik wana rai nyingine. Lakini mafundisho hayo hayo ya Mtume yamemtoa katika makatazo mbwa wa kuwindia, mbwa wa kulindia mifugo na mbwa wa kulindia mazao, na wanavyuoni wengi wakapima ulinzi wa nyumba kwa kipimo hicho. Katika sura ya Maida, aya ya 4, kimehalalishwa kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Katika sura ya Kahf, aya ya 18, mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake mlangoni. Yaani yuko kazini. Na nani kati yetu hakuisikia chuoni hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake? Hatuandiki haya ili kila nyumba ya Mjini Magharibi iwe na mbwa. Tunaandika kwa sababu kuna tofauti kubwa baina ya kujihadhari na mnyama na kumfanya asiwepo, na tofauti hiyo imekwisha kuwagharimu watu maisha yao, nako si mbali. Ni Pemba.

Visiwa vyetu vina mbwa, tupende tusipende. Wasasi wa Unguja wamekuwa wakiwatumia tangu enzi za babu zetu kuwafukuza nguruwe mwitu wanaokula mihogo, na wakulima wa Pemba wanao. Na palipo na mbwa wasiochanjwa, ugonjwa wa kichaa cha mbwa hukaribishwa. Ugonjwa huo hupita katika mate, huingia kwenye jeraha, husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na dalili zikishajitokeza mgonjwa huwa karibu hana matumaini ya kupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na waumwao wengi ni watoto. Aliyeumwa huokolewa kwa kuoshwa jeraha lake papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha kupewa chanjo bila ya kuchelewa. Lakini chanjo ya mtu humwokoa mtu huyo mmoja. Inayokata mnyororo wa ugonjwa ni chanjo ya mbwa.

Hili lilithibitishwa hapa hapa kwetu, na waliolithibitisha wamo wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi iliyoanza mwaka 1957 katika bonde lile lile tulilokwenda. Wao na wenzao walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani Pemba tangu mwaka 2010 hadi 2020, mbwa kwa mbwa na jeraha kwa jeraha. Mwaka 2010 ugonjwa ulikuwa ukizunguka kisiwani katika minyororo mitano ya maambukizo. Chanjo ya mbwa ikaanza kutolewa kila mwaka kisiwa kizima, na ikazidi kuboreshwa. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Ushindi huo ungestahili kutangazwa kwa ngoma. Badala yake tulifanya tunalolizoea. Ugonjwa ulipotoweka machoni, chanjo nayo ikasimama. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kisiwani, mara mbili, ukaenea, na haikuwezekana kuuzima hadi Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurejeshwa. Wataalamu hao wamekadiria kwamba kuendelea kukilinda kisiwa huziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na msiba wa mtu wao kuumwa na mbwa mwenye kichaa.

Tunawaomba waheshimiwa wa serikali, wa Bara na wa Visiwani, wausome tena mwaka ule wa 2016. Mbwa hazai kwa kufuata kalenda ya wafadhili. Mbwa wa kienyeji huishi miaka michache, wanaochanjwa leo hufa na watoto wasiochanjwa huzaliwa, na ndiyo sababu lengo la kuchanja mbwa 70 katika kila mia halifikiwi mara moja na kuachwa. Fungu la chanjo liwe katika bajeti ya kila mwaka kama lilivyo fungu la mafuta ya magari. Katika Bonde la Kilombero, timu ya chanjo isiweke meza yake kijijini katika msimu ambao watu na mbwa wao wako madunguni. Ingoje mavuno yaingie ghalani, au iwafuate huko huko. Katika bandari za Mkoani na Wete, na katika madiko ya mashua, mbwa ashukaye aulizwe cheti.

Na hapa tuna neno na wenzetu katika Chama. Balozi wa shina huko Mang'ula anajua ni nyumba ipi ina mbwa, na sheha wa Pemba anajua vilevile. Tatizo la visiwani ni haya. Mtu anayeona aibu kuitwa mwenye mbwa hatamvuta kwa kamba mbele ya majirani hadi kwenye meza ya chanjo. Atamwacha porini na kusema si wake. Imamu mmoja akisimama siku ya Ijumaa akasema kwamba kumchanja mbwa wa shamba ni kulinda roho za watu, atafanya kazi ambayo vipaza sauti vya gari la serikali haviwezi.

Tulipokuwa tukiaga, mwenyeji wetu aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wake na, chini yake, kadi mbili za chanjo ya mbwa. Alitutaka tuzisome tarehe. Zote mbili zilikuwa zimepitiliza mwaka kwa miezi saba. Alikuwa amekwenda kuuliza mara mbili, akaambiwa dozi zimekwisha, arudi. Hakulalamika. Alitaka tu, kwa kuwa sisi ni watu wa magazeti na wa Chama, tumwulizie zitakuja lini, kwa sababu baada ya wiki tatu wanahamia shambani na watoto.