Kibanio cha Mbawa za Katoni: Somo la Usanifu kwa Vifaa Vilivyopo

Katika maghala ya maduka mjini Mbeya, na katika vyumba vya kufungashia asali au mafuta ya alizeti mkoani Iringa, kujaza katoni ni kazi ya mikono mitatu inayofanywa na mtu mwenye miwili. Mkono mmoja hushika chupa na wa pili huelekeza shingo yake. Unaokosekana ni ule wa kuzuia mbawa za katoni, yaani vipande vinne vya juu vinavyokunjwa kuwa kifuniko. Bawa likiachwa hurudi ndani na kuigonga chupa. Mfungashaji aliyechoka kushindana nalo hulichana, na katoni ambayo ingalifaa kwa safari kadhaa hutupwa baada ya safari moja.

Kinachohitajika ni kibanio cha bei ndogo kitakachoshikilia bawa nje ya katoni wakati wa kujaza, kisha kiondolewe bila kuacha jeraha. Kitu hicho ni kidogo, lakini ndani yake mna kanuni kadhaa za fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari hujifunza darasani bila kuziona zikifanya kazi.

Kwa nini bawa hurudi

Ubao wa katoni hutengenezwa kwa karatasi iliyokunjwa mithili ya mawimbi, iliyogandishwa kati ya karatasi mbili bapa. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York alipewa hataza ya kufungia chupa kwa karatasi ya mawimbi, na mwaka 1874 Oliver Long akaongeza karatasi bapa ya kuyashikilia mawimbi hayo. Nguvu yake hutokana na nyuzi za mti. Nyuzi za misonobari ni ndefu, nazo hufanya karatasi isipasuke upesi. Ndiyo sababu kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilijengwa karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill.

Bawa linapokunjwa kuelekea nje, nyuzi za upande mmoja wa mkunjo hunyooshwa na za upande wa pili hubanwa. Zote hutaka kurudia hali yake ya awali. Kwa hiyo mkunjo hufanya kazi kama springi hafifu, na kibanio hakina budi kuishinda springi hiyo.

Kupima kabla ya kutengeneza

Makosa mengi ya usanifu huanza pale fundi anapotengeneza kabla ya kupima. Katoni ilazwe ubavu ili ukuta mmoja uwe juu, kisha bawa la ukuta huo likunjwe nyuma, lilale juu yake. Ncha ya bawa itainuka. Vipimo vidogo vya uzito viwekwe kwenye ukingo wa bawa, kimoja baada ya kingine, mpaka liguse ukuta. Kwa kuwa uzito wa bawa lenyewe huelemea katikati yake, nusu ya uzito huo huongezwa kwenye jumla.

Tuseme bawa lina upana wa sentimita 15 na uzito wa gramu 30, nalo likatulia kwa gramu 85. Jumla ni 85 na 15, yaani gramu 100, ambazo ni kani ya nyutoni 1 hivi. Momenti kuzunguka mkunjo ni nyutoni 1 mara sentimita 15, yaani nyutoni-sentimita 15. Ikiwa kibanio kitaligusa bawa sentimita 5 kutoka kwenye mkunjo, kitahitaji kani ya nyutoni 3. Kikigusa sentimita 2.5 tu, zitahitajika nyutoni 6. Vibanio viwili kwa kila bawa hugawana mzigo, kila kimoja nyutoni 1.5. Hata hivyo mikono hugonga na katoni husukumwa, hivyo ni busara kusanifu kwa mara mbili ya kiasi hicho, yaani nyutoni 3 kwa kila kibanio.

Umbo na vifaa

Umbo lililo rahisi ni la herufi U iliyogeuzwa juu chini. Mguu mmoja huingia ndani ya katoni, wa pili hushuka nje juu ya bawa. Ikiwa ubao una unene wa milimita 4, ukuta na bawa pamoja ni milimita 8. Nafasi kati ya ncha za miguu iwe milimita 5. Kibanio kitapovishwa, kila mguu utasukumwa milimita 1.5, na msukumo huo ndio utakaozaa kani. Kanuni hii ilichapishwa na Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1678: kadiri springi inavyovutwa ndivyo inavyojibu, maadamu haijavuka kikomo cha unyumbufu wake.

Kikomo hicho ndicho kinachokataza waya laini wa kufungia. Waya huo ukipindwa hubaki umepinda. Kuna vifaa viwili vinavyofaa zaidi, na vyote hupatikana Nyanda za Juu Kusini. Cha kwanza ni spoku ya gurudumu la baiskeli lililochakaa, ambayo ni chuma kigumu chenye kipenyo cha milimita 2 hivi. Cha pili ni mwanzi, ambao Iringa haukosekani kwa sababu ya ulanzi na ususi wa matenga. Ubapa wa mwanzi wenye upana wa milimita 15, unene wa milimita 2 na miguu ya milimita 60 ni mwanzo mzuri.

Moto huvisaidia na kuviharibu vifaa hivi kwa kinyume. Mwanzi hulainishwa kwa joto la makaa, hupindwa ganda likiwa nje, kisha hushikiliwa hadi upoe. Spoku hupindwa ikiwa baridi, kwa maana ikipashwa mpaka iwe nyekundu hupoteza ugumu wake.

Unene na urefu

Kani ya mguu wa ubapa hubadilika kwa mchemraba wa unene. Unene ukiongezwa mara mbili, kani huongezeka mara 8 kwa msukumo uleule. Urefu ukiongezwa mara mbili, kani hupungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mtu anayerekebisha kibanio cha mwanzi apunguze kidogokidogo kwa kisu, huku akipima. Kwa waya wa mviringo hadhari iwe kubwa zaidi, kwani kipenyo kikiongezwa mara mbili kani huwa mara 16.

Jambo la mwisho ni shinikizo, yaani kani igawanywe kwa eneo. Nyutoni 3 kwenye ncha ya spoku huyaponda mawimbi ya ubao. Nyutoni zilezile zikitandazwa kwenye ubapa wa mwanzi haziachi alama. Ncha ya spoku, kwa hiyo, ikunjwe kama pete. Kwa namna yoyote ncha za miguu zielekezwe nje kidogo ili kibanio kivishwe bila kukwaruza.

Vipimo hivi virudiwe masika na kiangazi. Huko Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, karatasi hufyonza unyevu: mkunjo hulegea, lakini ubao nao huwa rahisi kupondwa. Kibanio kilichofaulu Iringa wakati wa kiangazi hakijathibitika mpaka kijaribiwe pia katika ghala lenye unyevu.

Darasa linaweza kugawanywa makundi mawili, moja la spoku na moja la mwanzi. Kila kundi livishe na kuvua kibanio chake mara 100, lipime nafasi ya ncha kabla na baada, kisha lihesabu gharama. Kibanio ambacho nafasi yake haikupanuka, ambacho hakikuacha alama kwenye ubao, na ambacho mfungashaji anaweza kukivisha kwa mkono mmoja, ndicho kilichoshinda. Mkono wa pili utakuwa umerudi kwenye chupa.