Paipu ya Udongo Ikichoka: Kikundi Kinaweza Kulaza ya Plastiki



Shule, zahanati na nyumba za misheni zilizojengwa zamani hapa kwetu, nyingi bado zinapeleka maji taka kwenye tangi kwa paipu za udongo wa kuchomwa. Udongo wenyewe hauozi. Ubaya uko kwenye viungo. Paipu hizo ni fupi, mara nyingi hazifiki mita moja, na kila kiungo kilizibwa kwa saruji. Ardhi ikisogea kidogo saruji inapasuka, halafu mizizi ya mikaratusi inafuata unyevu na kuingia ndani. Penye udongo mweusi, kama sehemu za Mwea na uwanda wa Kano, ardhi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, basi paipu yenyewe hukatika.

Choo kikiziba, watu hupiga kelele. Paipu inayovuja bila kuziba ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayeshtuka. Maji taka yanaingia ardhini kimya kimya, na kama kisima chenu kiko upande wa chini, mtakunywa homa ya matumbo na kipindupindu bila kujua vimetoka wapi.

Mtajuaje hali ya paipu? Siku ya jua, fungueni mashimo mawili ya kukagulia yanayofuatana. Mmoja aelekeze mwanga ndani ya paipu kwa kioo, mwingine achungulie upande wa pili kwa kioo chake. Mkiona duara zima kama mwezi mpevu, mstari umenyooka. Mkiona nusu, kuna mahali umezama. Mkiona giza, kuna mizizi au paipu imevunjika. Kisha mwageni pipa moja la maji upande wa juu. Yakifika kidogo tu upande wa chini, na hamwoni yakirudi nyuma, yameishia ardhini.

Sasa, wengi hukimbilia kuifukua ile ya zamani. Mimi nashauri mchimbe mtaro mpya kando yake, kutoka shimo la kukagulia hadi shimo lingine. Udongo uliolowa maji taka kwa miaka ni mchafu na ni laini, na paipu mpya ikilazwa hapo itazama. Tena choo kitaendelea kutumika mpaka siku ya kuunganisha. Msijaribu kutia kipande cha plastiki katikati ya ile ya udongo. Unene wake si sawa, na saruji pekee haishiki vizuri. Kama paipu ya zamani ni ya kijivu na ina nyuzinyuzi, huenda ni asbestosi. Msiikate wala kuivunja, vumbi lake huharibu mapafu.

Mwoneni kwanza afisa wa afya ya umma wa eneo lenu, hasa kama kisima kiko karibu. Kwa shule, likizo ya Agosti inafaa kuliko ya Aprili, ambayo sehemu nyingi huangukia katikati ya mvua ndefu.

Pesa itakwenda kwenye paipu, lakini uhai wa kazi uko chini ya mtaro. Kwa paipu ya inchi 4, ambayo dukani huitwa milimita 110, mteremko mzuri ni sentimita 15 kwa kila paipu ya mita 6. Mstari wa mita 24 basi ushuke sentimita 60. Msikadirie kwa macho! Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule waashi wanaopimia msingi, mpigilie vigingi na kufunga kamba. Paipu ipite angalau sentimita 60 chini ya ardhi, na 90 panapopita magari. Mtaro ukifika kifuani, tegemezeni kingo kwa mbao.

Dukani ombeni paipu nzito ya kahawia-machungwa. Ile nyepesi ya kijivu ni ya ukutani, ikizikwa hubonyea.

Tandazeni mchanga wa sentimita 10 bila jiwe hata moja. Mtaro wa mita 24 wenye upana wa sentimita 45 utataka karibu wilbaro 18. Anzeni kulaza kutoka chini kupanda juu, mdomo mpana wa paipu ukitazama mlimani. Penye pete ya mpira, pakeni maji ya sabuni, kamwe si oili wala grisi, maana hula mpira. Penye kona tumieni viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90.

Plastiki na saruji havishikani. Mahali paipu inapopenya ukuta wa shimo, ipakeni gundi yake, mnyunyizie mchanga mkavu, iache ikauke, ndipo mpige plasta.

Kabla ya kufukia, zibeni upande wa chini, jazeni maji, mkae nusu saa. Maji yakishuka, tafuteni kiungo kinacholia. Ndipo mfukie kwa mchanga na udongo laini hadi sentimita 30 juu ya paipu, mkishindilia kwa miguu tu. Mawe na vigingi vya kushindilia baadaye.

Siku ya kuunganisha, vaeni glavu na buti, na mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata kwa dakika moja, hata kuokota jembe. Hewa yake huua, na mara nyingi humuua pia anayeruka kumwokoa.

Ile paipu ya zamani izibeni kwa zege ncha zote mbili, isije ikawa njia ya panya au ya maji kuelekea kisimani. Halafu choreni mstari mpya kwenye karatasi, na vipimo kutoka kona ya jengo, mweke kwenye faili ya kikundi. Atakayechimba msingi wa jiko jipya miaka kumi ijayo ataitafuta.